Breki za Willys

Katika gereji ya Ngoga pale Kakoba, Mbarara, mafundi wote walijua kwamba Mama Divine hashiki breki. Injini atakufungulia mpaka ringi za pistoni. Giaboksi ataipanga juu ya gunia huku anaongea na simu. Lakini gari likija na shida ya breki, atanawa mikono na kwenda kukaa upande wa pili wa uwanja mpaka wenzake wamalize. Mwanzoni walimcheka. Baadaye wakazoea, kama watu wanavyozoea jirani asiyekula samaki.

Jina lake hasa ni Sidonie. Mwaka 2023, kisa hiki kilipotokea, alikuwa na miaka arobaini na tisa. Ni mkimbizi kutoka Uvira, Kivu ya Kusini. Siku za kazi alilala kwenye chumba cha kupanga Kakoba, na Jumamosi jioni alirudi kambini Nakivale, kwa binti yake Divine na mdogo wake Cassien, ambaye ana shamba la mahindi na maharage karibu na ziwa.

Ufundi alifundishwa na baba yao, Léopold, fundi wa misheni moja ya Kikatoliki huko kwao. Misheni ilikuwa na Jeep ya Willys iliyoletwa na mapadri kabla ya uhuru, na Léopold aliitunza kama mtu anavyotunza macho yake. Padri mmoja mzee aliwahi kumsomea habari za kampuni hiyo katika magazeti ya Kifaransa, naye akazishika zote kichwani, kisha akamrithisha binti yake wakiwa wamelala chali chini ya gari.

Alimwambia kwamba bwana mmoja, Willys, aliichukua kampuni ya Overland ilipokuwa inakata roho, akaipeleka mji wa Toledo, jimbo la Ohio, na katika miaka michache ikawa ya pili Marekani nzima kwa kuuza magari, nyuma ya Ford peke yake. Mwaka 1933 ikafilisika, ikawekwa chini ya msimamizi wa mahakama. Walioitabiria kifo walikuwa wengi. Ndipo ikaja vita kuu ya pili, jeshi la Marekani likataka gari dogo la kupanda milima na kupita matope, na Willys ikapata kandarasi. Magari yakatoka kiwandani kwa malaki, mengine yakatengenezwa na Ford kwa ramani hiyo hiyo.

"Vita njo iliponyesha ile kampani," Léopold alikuwa anasema, yaani vita ndiyo iliyoiponya. "Batu ba Toledo, vita ilibapa kazi. Siye huku, vita itatupa nini?"

Hakungoja jibu. Aliendelea: mwaka 1953 Willys ikauzwa kwa Kaiser, miaka kumi baadaye jina la Willys likafutwa, mwaka 1970 ikaenda kwa American Motors. Na ilipouzwa tena kwa Chrysler, mwaka 1987, Sidonie alikuwa na miaka kumi na mitatu, na anakumbuka baba yake alivyotikisa kichwa. "Kila mwenye kuinunua anaitupa kiisha anabakiza jina la Jeep," alisema. "Jina linaishi kuliko benyewe."

Oktoba 1996, wiki ile vita ilipoanza kwao, Léopold alitakiwa kuwapeleka wagonjwa Bukavu na kurudi. Kanyagio la breki lilikuwa linazama. Sidonie, aliyekuwa na miaka ishirini na miwili na mwenye haraka ya kuonekana fundi, alifungua mitungi midogo ya breki kwenye magurudumu, akatoa vile vikombe vya raba, akavikuta vimeshika uchafu. Akaviosha kwa petroli mpaka vikang'aa, akavirudisha. Breki zikashika vizuri kuliko zilivyowahi kushika.

Léopold alifika Bukavu salama. Wakati wa kurudi, kwenye miteremko ya mlima wa Ngomo, Jeep iliacha barabara ikaenda bondeni.

Watu waliopita walisema ni askari waliompiga risasi dereva. Ilikuwa wiki ya risasi, na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kushuka bondeni kuhakikisha. Cassien, wakati huo kijana wa miaka kumi na minne, alikua akiamini hivyo. Aliichukia mpaka rangi ya sare za askari. Sidonie hakumwambia kitu. Hata yeye mwenyewe wakati ule hakujua. Alihisi tu, kama mtu anayehisi nyoka ndani ya nyumba bila kumwona.

Ndiyo maana, alipofika Nakivale mwaka 2004, aliendelea kufuatilia habari za kampuni ile. Majirani waliona ajabu, mwanamke wa kambini anayeuliza habari za Wamarekani wanaouza magari. Alijua kwamba Wajerumani walikuwa wameshainunua Chrysler, kisha wakaiachia mwaka 2007. Mwaka 2009 alikuwa anapepeta maharage redio iliposema kwamba Chrysler imefilisika na Waitaliano wanaingia. Aliweka ungo chini, akaisogelea redio. Alikuwa na tumaini ambalo hakuwahi kulitamka: kwamba siku moja wenye kiwanda, wowote wale, watakiri kwamba Jeep za zamani zilikuwa na kasoro ya breki, na kwamba fundi hakuwa na kosa. Kampuni ikifa, nani atakiri?

Kampuni haikufa. Na Sidonie alipopata simu yenye intaneti, akiwa tayari kazini kwa Ngoga, alitafuta usiku na mchana. Hakupata kasoro yoyote. Alichopata ni kitabu cha matengenezo cha Willys, kurasa zilizopigwa picha, na kwa Kiingereza chake cha kuungaunga akasoma onyo: raba za breki zisioshwe kamwe kwa petroli wala kuguswa na mafuta ya injini. Raba ikinywa mafuta ya aina hiyo huvimba. Mwanzoni breki hushika sana. Kisha hukataa kuachia, huchemka, na mwishowe huachia zote kwa pamoja.

Alizima simu. Tangu siku hiyo hakugusa breki ya gari lolote.

Sasa, mwezi wa Agosti 2023, Mzee Rutaremwa akaingia gerejini na Jeep ikivutwa kwa kamba nyuma ya pikapu.

Rutaremwa ni mfugaji wa Endiinzi, mtu wa ng'ombe wengi na maneno machache. Jeep aliinunua zamani kwa daktari wa mifugo, na ilikuwa imelala zizini miaka kumi na moja. "Binti yangu anaolewa," alisema. "Jumamosi ya wiki ijayo tunamutoa. Nataka yeye apande hii. Mama yake alipanda hii."

Mafundi wakaizunguka kama watu wanaozunguka mgeni asiye na lugha. Kwenye dashibodi kulikuwa na kibati chenye kutu. Ngoga alipompigia muuza spea wa Kampala, yule mtu aliuliza swali moja: ni ya wakati wa nani? Ngoga akaishusha simu, akatazama huku na huku.

Sidonie alikuwa amejikalia mbali, lakini miguu yake ilikuwa imeshaanza kumpeleka. Akafuta kile kibati kwa kitambaa. Kaiser Jeep, Toledo, Ohio.

"Ni kiisha ya 1963," alisema, yaani baada ya jina la Willys kufutwa. "Ni ya Kaiser, mbele ya kuuzishwa kwa American Motors mu 1970. Raba ya mbele ni inchi moja. Ya nyuma ni robo tatu."

Ngoga akacheka kwa furaha. "Mama Divine! Kumbe hii kazi iko ya wewe."

"Injini nitafanya. Freni, hapana."

"Lakini hakuna mwingine anajua hii gari."

"Freni, hapana, boss."

Freni kwao ni breki. Alisema kwa sauti ndogo, akarudi kukaa upande wa pili wa uwanja, na Ngoga hakubishana. Breki akapewa Patient, Mkongo mwenzake Sidonie, fundi mwenye mikono myepesi na roho nzuri, aliyeshinda kwenye Toyota miaka yote.

Raba zikaja kutoka Kampala, sahihi kabisa. Sidonie akaamsha injini siku ya tatu; iliposhika na kunguruma alikwenda kusimama nyuma ya choo mpaka ilipozimwa. Mlio ulikuwa ule ule wa Jeep ya misheni. Ijumaa mchana Mzee Rutaremwa alikanyaga breki uwanjani, gari likasimama pale pale kama limefungwa kwa mnyororo. "Eeeh!" alisema, na kwa mara ya kwanza akatabasamu. Akaondoka nalo.

Jumamosi asubuhi Sidonie alikuwa anatafuta faneli. Chini ya meza ya Patient akakuta kopo lililobaki nusu. Akalinusa, akachovya kidole. Oili nyekundu, ile ya giaboksi za otomatiki.

Alimwita Patient.

"Hii uliweka wapi?"

"Mu freni ya ile Jeep. Mafuta ya freni iliisha, na duka lilikuwa limefungwa. Nikaongeza hii kidogo. Si umeona? Imeshika muzuri sana."

Sidonie akakaa chini, juu ya tairi. Aliona vile vikombe vya raba gizani ndani ya mitungi yake, vinakunywa. Tangu jana mchana vinakunywa.

Alimpigia Mzee Rutaremwa, simu imezimwa. Akapiga mara sita. Akaenda kwa Ngoga aliyekuwa anakunywa chai mlangoni, akamweleza. Ngoga aliweka kikombe chini polepole.

"Labda haitatokea kitu," alisema.

"Itatokea."

"Sikiliza, Mama Divine. Ukienda pale mbele ya wakwe useme gereji yangu imeweka oili mbaya, mimi nimekwisha. Na wewe? Kama kitu imetokea, polisi atauliza nani alitengeneza. Watasema ni wakimbizi. Wewe na Patient. Mimi siwezi kuwatoa." Hakusema kwa ukali. Alikuwa anaogopa kama yeye. "Kaa. Tuombe Mungu."

Sidonie alirudi kwenye tairi, akakaa. Anasema mpaka leo kwamba alikaa muda wa kutosha kupika chai. Alijiambia barabara ya huko si ndefu. Alijiambia Mzee ataendesha taratibu. Alijikumbusha Divine, kambi, karatasi zao, miaka kumi na tisa ya kujificha ndani ya heshima ya watu. Kisha akaona kwamba maneno yote aliyokuwa anajiambia yalikuwa ya mtu anayengojea habari mbaya imkute ameketi.

"Patient, washa pikipiki," alisema.

Patient, uso umesawijika, akaiwasha. Ngoga aliwaona wanatoka, akageuza uso, asiwazuie.

Walishika njia ya Endiinzi, wakapita mji wa Rwekubo bila kusimama. Baada ya lami kuisha vumbi liliwajaa mdomoni, na kila walipopanda kilima Sidonie alifumba macho kabla ya kufika kileleni, kwa kuogopa atakachokiona upande wa pili. Ng'ombe walivuka barabara mahali fulani, zaidi ya mia, wakivuka bila haraka, na alijikuta anawalilia wapite kama vile anaongea na watu.

Waliukuta msafara umesimama juu ya mteremko mrefu, magari matatu na Jeep mbele, imefungwa riboni nyeupe. Moshi mwembamba ulitoka kwenye magurudumu. Mzee Rutaremwa, amevaa kanzu na koti, alikuwa anayamwagia maji kutoka kwenye jerikeni, na maji yalikuwa yanapiga kelele kama mafuta ya kukaangia.

Ndani ya Jeep aliketi bibi harusi, Kemirembe, na nyuma yake bibi mzaa baba, kikongwe aliyefunikwa shuka mpaka kidevuni.

"Mzee, usishuke," Sidonie alisema akiwa bado hajateremka vizuri kwenye pikipiki. "Tafazali. Freni itaachia."

"Breki inashika sana," Rutaremwa akajibu. "Inashika mpaka inatoa moshi. Watu wananingoja, nyabo. Toka barabarani, mama."

"Inashika sababu raba imevimba. Tuliweka mafuta mbaya. Sasa inachemka. Ukishuka hapa, mu katikati itaachia."

"Jana mulisema iko sawa. Leo munasema itaua. Munataka nini? Pesa?"

Watu walikuwa wameshuka kwenye magari mengine, wanawazunguka. Mmoja alishatoa simu anapiga video. Sidonie aliona nyuso zile, akaona na Patient akijificha nyuma ya pikipiki. Ndipo likatoka lile ambalo miaka ishirini na saba halijawahi kutoka.

"Niliua baba yangu hivi hivi," alisema. "Mu Jeep kama hii. Niliosha raba na petroli. Ilishika muzuri kabisa, kama yako. Akaenda na akashuka mulima. Hakurudi. Ni mimi nilimuua, si askari. Mzee, ninakuomba."

Kemirembe, bila kumtazama baba yake, alikusanya nguo zake akateremka. Mzee Rutaremwa alisimama na jerikeni mkononi. Kisha akamgeukia mama yake, akamwambia kwa Runyankore ashuke. Kikongwe akakataa. Kemirembe alitafsiri, karibu analia: "Anasema yeye hatembei kwa miguu kwenda harusi."

Wakaanza kumbembeleza. Mjukuu mmoja, ili apate nafasi ya kumshusha bibi kwa nyuma, akalisukuma kwa mguu jiwe lililokuwa limezuia gurudumu. Hendibreki ilikuwa imevutwa, lakini ilikuwa hendibreki ya gari lililolala zizini miaka kumi na moja.

Jeep ikaanza kuondoka.

Ilianza polepole, kama mtu anayeondoka bila kuaga. Sidonie ndiye aliyekuwa karibu na upande wa usukani. Hajui alipandaje. Alikanyaga breki, kanyagio likaenda mpaka chini bila kukuta kitu, na hewa ile chini ya mguu wake aliitambua. Alikuwa ameiota maelfu ya mara, ila katika ndoto mguu ulikuwa wa baba yake. Kikongwe nyuma alimshika bega kwa vidole vigumu kama kucha za kuku.

Akakanyaga klachi, akasukuma mti wa gia kwenye namba moja. Gia ikalia, ikakataa. Akasukuma kwa mikono miwili, usukani akiuzuia kwa goti. Ikaingia. Alipoachia klachi gari liliruka kama limepigwa kofi, injini ikaamka ikanguruma, na mwendo ukapungua. Haukuisha. Walishuka mteremko ule wote kwa mwendo wa mtu anayekimbia, injini ikipiga kelele za kupasuka, riboni zikipeperuka, upande wa kushoto bonde, na mguu wa kulia wa Sidonie ukiendelea kukanyaga breki isiyokuwepo. Hakuweza kuuondoa. Alisali Salamu Maria mpaka katikati, akasahau maneno, akaanza upya.

Chini barabara ilipanda tena kidogo. Jeep ikapunguza, ikatikisika, ikazima. Patient alikuja mbio na mawe mawili mikononi, akayaweka mbele na nyuma ya magurudumu, akakaa chini vumbini akalia.

Sherehe ilifanyika. Kemirembe alifika kwa gari la mjomba wake. Mzee Rutaremwa hakumshukuru Sidonie na hakumshtaki. Alisema tu Jeep itarudi gerejini Jumatatu, na kwamba breki atazifanya yule mama mwenyewe, si mwingine. Ngoga alimkaripia Patient siku nzima, lakini hakumfukuza.

Lakini Sidonie hakuwa na wasiwasi na Jumatatu. Video ilikuwa na maneno yake, na Nakivale kuna simu. Jumamosi hiyo hiyo jioni alimwomba Patient ampeleke moja kwa moja kambini. Alitaka afike kabla ya maneno.

Cassien alikuwa anapukuchua mahindi. Sidonie alimweleza akiwa amesimama, bila kuondoa vumbi usoni. Cassien aliendelea kupukuchua. Alipomaliza, mdogo wake aliinuka, akaingia ndani, akafunga mlango.

Cassien hakuonekana kwa Divine wiki nzima. Sidonie alirudi Kakoba, akaifungua mitungi ya breki ya Jeep. Kazi ya nusu siku ilimchukua siku nne. Raba zilitoka zimevimba, laini kama uyoga wa mvua. Alinunua mpya, akaziosha kwa mafuta safi ya breki tu, na kila nati aliyokaza aliifungua tena kuhakikisha. Usingizi haukuja vizuri. Anasema mpaka sasa akisikia honi ndefu barabarani anasimama asikilize mwisho wake.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, Cassien alikuja akakaa kwenye benchi nje ya nyumba ya dada yake. Divine alimletea maji, hakuyanywa.

"Dada," alisema, "siku ulikuwa unaosha zile raba, baba alikuwa fasi gani?"

Sidonie alifikiri. "Alikuwa pale. Kando yangu."

"Aliona petroli?"

"Njo yeye alinipa kopo."

Katika miaka yote hiyo Sidonie hakuwahi kumwangalia baba yake katika kumbukumbu ile. Alikuwa ameangalia mikono yake mwenyewe tu. Na alipomwona sasa, amesimama na kopo, anatabasamu kwa fahari, aliogopa kuliko alivyoogopa mlimani.

"Basi naye hakujua, kama wewe," Cassien alisema.

Hakusema amemsamehe. Alikunywa yale maji, akauliza kama Divine ameshapalilia, kisha akachukua jembe lililokuwa ukutani akaelekea shambani, na Sidonie, baada ya muda, akamfuata.